Utenzi Nilioumeza

Jumatatu, mwezi 3 Mfunguo Mosi, mwaka 1303

Idi imepita salama na leo naanza shajara. Sababu ni moja. Mimi Ausi, mshona kanzu wa Dunda hapa Bagamoyo, nitatunga utenzi wa beti mia moja, na watu wa baadaye watataka kujua ulitungwaje. Mimi sitakuwapo wa kuulizwa. Bora waukute mwandiko wangu mwenyewe.

Utenzi ni wa harusi ya binti yangu Tabia. Anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo na Dadi, mchoma chokaa wa Mlingotini. Kijana mzuri. Ana vumbi jeupe mpaka kwenye kope, lakini mzuri. Sasa, kwetu bibi harusi hatolewi ndani hivihivi. Malenga wa upande wa mume husimama mlangoni akamwomba kwa mashairi, na malenga wa upande wa mke humjibu, ndipo mlango ufunguliwe. Wao watakuja na Seleman, mjomba wake Dadi. Seleman! Mtu ambaye akikohoa sokoni watu husema amekohoa kwa vina.

Upande wetu hatuna malenga. Jana nilitangaza barazani kwamba malenga ni mimi. Wazee walinyamaza kwa muda mrefu, kwa heshima.

Nilipomweleza Tabia, akaniuliza kwa nini nisiimbe tu ule wimbo wa kifungo. Nilicheka. Wimbo wa kifungo ni upuuzi niliokuwa nikimbembelezea alipokuwa mdogo, yeye amelala mapajani na mimi nashona:

Lala, kifungo changu,
sindano imelala,
uzi umejikunja
mfukoni mwa baba.

Jogoo akiwika
tutashona na jua;
nawe ukichelewa,
jua litakungoja.

Nauandika hapa ili wasomaji waone nilikotoka. Vina havikukaa. Neno la Kiarabu hakuna hata moja. Eti niuimbe mbele ya Seleman! Nikamwambia Tabia kwamba mwanangu anastahili kitu kikubwa kuliko hicho. Akasema sawa, baba, akachukua mtungi akaenda kisimani.

Nimeandika Bismillahi. Imekaa vizuri sana. Kesho naendelea na ubeti wenyewe.

Jumanne, mwezi 4

Nimekaa tangu asubuhi nikiingoja ilhamu. Kanzu za watu sikuzigusa, kwa kuwa malenga hawezi kushika sindano na kalamu siku moja. Nilikaa nikitazama ukuta. Nimesikia maneno humjia mtu aliyetulia. Ukuta una ufa mrefu ambao sikuwahi kuuona. Adhuhuri mke wangu Mwaija akapita, akasema kama nina nafasi ya kuutazama basi nina nafasi ya kuuziba.

Mwaija anasuka mkeka wa harusi. Una nakshi nyekundu na nyeusi ambazo sijaziona kwa mtu mwingine yeyote. Kwa faida ya shajara nikamwuliza ilhamu humjia vipi. Akauliza ilhamu ndiye nani. Nikamweleza kwa upole. Akasema yeye huanza tu. Ukili wa mkeka ukienda kombo hufumua, ukienda sawa huendelea. Nikamwonea huruma kidogo.

Nikaenda kwa Jaysukh, sonara, anayemtengenezea Tabia bangili. Nikamwuliza swali lilelile. Jaysukh akasema hufanya, hutazama, na ikiwa mbaya huyeyusha. Nikamwuliza huyeyusha mara ngapi. Akasema mpaka iwe nzuri. Halafu akanionyesha bangili, nyembamba, imesokotwa mfano wa jani la mkadi, nzuri hata nikasahau nilichokuja kuuliza.

Kwa hiyo watu wawili, na hakuna anayejua kitu chake kinatoka wapi. Nimerudi nyumbani nikiamini kwamba siri hii wanayo malenga peke yao. Ubeti wa kwanza bado.

Jumatano, mwezi 5

Nimepata hila. Siri wanayo malenga. Malenga ni Seleman. Basi nikamchukulie siri yake. Nilikwenda Mlingotini kwa miguu kupitia Kaole, kamba ya kupimia shingoni. Nikamwambia kwamba sisi upande wa mke tumeamua kumshonea kanzu ya harusi, zawadi, kwa heshima ya kazi yake. Mzee wa watu alifurahi mpaka akanitia haya. Akanipikia pweza wa nazi. Akaniuliza hali ya Tabia, akasema nyumba nzima ya Mlingotini imepakwa chokaa mpya kwa ajili yake, na Dadi amepaka chumba chake mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakupendezwa na kona moja.

Huku nikimpima mabega, nikamwuliza kama mtu asiyejali: maneno yake humjia wapi? Seleman akasema, kusema kweli hajui, ila mengi humjia akiwa anaoga. Anaoga! Miaka yote hii watu wanadhani ni elimu. Niliuficha uso wangu nyuma ya mgongo wake.

Kisha akanisomea ubeti mmoja aliouandaa. Sitauandika. Ni mzuri, na karatasi ni zangu. Uliponigusa nikakasirika, na hapohapo nikapata hila ya pili. Nilipofika kwenye shingo nilipima sawasawa, lakini kichwani nikapunguza upana wa vidole viwili. Mtu aliyekabwa shingo hawezi kusoma mashairi marefu. Sitamdhuru. Nitampumzisha tu.

Nilirudi njia nzima nikiwaza kwamba Mlingotini ni mbali. Watu husema ni mwendo wa asubuhi tu. Labda kwao. Mimi nilipofika Kaole niligeuka nyuma kutazama, na sikuiona tena.

Alhamisi, mwezi 6

Nimeoga alfajiri. Hakuna kitu. Nimeoga tena jua lilipopanda. Nikapata neno moja, "ewe". Nimeoga adhuhuri kwa maji yaliyobaki mtungini, nikasimama mle ndani nikitetemeka, sabuni machoni, mpaka Mwaija akagonga akauliza kama nimeanguka. Nikamjibu kwamba natunga. Akasema vizuri, lakini maji ya kupikia nimejimwagia yote, na Tabia ndiye atakayerudi kisimani, naye amepakwa hina miguuni asubuhi hii na hatakiwi kutembea.

Nikaenda kisimani mimi. Wanawake wa Dunda walinitazama sana. Nikiwa njiani na ndoo kichwani, nikitafuta namna ya kutoona watu, ndipo ubeti wa kwanza ukaja wote kwa pamoja! Nilikimbia nusu ya njia. Maji yalimwagika, lakini ubeti ulifika.

Siku hii iandikwe. Ilhamu ilikuwa ndani ya maji ya kuoga, ila ilichelewa kutoka.

Jumapili, mwezi 9

Beti zinakuja. Sasa nimeshajua namna. Ukipata neno gumu ambalo hata mwenyewe hulielewi, ubeti hujijenga kwa kulizunguka. Nimeazima maneno mengi kwa mwalimu wa chuoni bila kumwambia ya nini. Tabia katika utenzi huu ameshalinganishwa na mwezi, na lulu, na ngome ya mawe, na kitu kingine ambacho nadhani ni aina ya ngamia. Jina lake lenyewe halikuingia kwenye mizani, kwa hiyo nimemwita "binti yule".

Balaa ni karatasi. Zimekwisha. Kumbe shajara inakula karatasi kuliko utenzi. Nimebakiwa na hizi chache za kufungia nyuzi, na siwezi kuacha shajara, kwa sababu bila shajara nani atajua? Utenzi wote uko kichwani, na kichwa changu nakijua. Mwezi uliopita nilimshonea mtu kanzu yenye mikono mitatu.

Nimemwendea mwalimu na shauri langu. Mtoto akiwa mzito wa kuhifadhi, mwalimu humwandikia kombe: aya huandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa, na maneno yakakaa kifuani. Nikamwomba aniandikie utenzi wangu vivyo hivyo. Mwalimu akavua miwani. Akasema kombe ni kwa maneno ya Mwenyezi Mungu, si kwa maneno ya Ausi. Nikamwambia utenzi unaanza kwa Bismillahi. Akasema basi ninywe hiyo Bismillahi, mengine niyaache. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya upole iliyoniudhi, kama binti yangu ameniomba utenzi. Nikajibu kwamba binti yangu hajui anachotaka, ana kazi ya kuolewa.

Nimeaga kwa adabu. Mwandiko wangu si mbaya. Nitajiandikia mwenyewe.

Jumanne, mwezi 11

Imefanyika. Mwaija alikwenda na dada zake kuchambua mchele. Nikafungua kasha la vitu vya harusi, nikachukua zafarani na chupa ya marashi ya waridi. Nikapanga sahani chini, zile za maua ya buluu. Nikaandika utenzi wote, ubeti baada ya ubeti, kwa rangi ya dhahabu. Kwa kweli ulikuwa mzuri kuutazama. Kwa dakika chache nilikaa katikati ya sahani zile nikajiona mtu aliyefika.

Kisha nikaosha sahani moja moja na kunywa.

Sahani za mwanzo zilishuka kwa raha. Kuanzia katikati nikaanza kusikia kichefuchefu. Zafarani ilikwisha kabla ya beti za mwisho, nikazimalizia kwa wino wangu wa masizi, nikanywa nao. Faida ya njia hii ni kubwa. Hakuna nakala. Seleman hawezi kuiba utenzi ulio tumboni mwa mtu. Hata mimi mwenyewe sasa siwezi kuubadilisha.

Nimemaliza pia kanzu ya Seleman nikampa mtu ampelekee. Nimeitia darizi ya hariri kifuani, nzuri kupita zote nilizowahi kushona, ili asiitazame sana shingo.

Tumbo linanguruma. Ni beti zinajipanga.

Jumatano, mwezi 12

Mgonjwa. Nimeamka ulimi mweusi. Nilitoka uani mara nyingi na kila mara nikiogopa nimepoteza beti.

Mwaija amelifungua kasha. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza zafarani ya wali wa harusi iko wapi. Nikanyoosha kidole kwenye tumbo langu. Alikaa chini kwenye mkeka wake akanitazama, halafu akaanza kucheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na baada ya kicheko machozi yakaendelea yenyewe. Akasema mtoto anaondoka keshokutwa. Akasema hilo tu. Nikataka kumwambia kwamba najua, kwamba tangu mahari ilipopokelewa sijui kitu kingine chochote. Lakini nilihisi beti zinapanda, nikatoka tena uani.

Alasiri Tabia akaniletea uji wa mchele. Haruhusiwi kufanya kazi wala kuonekana, anafukizwa udi mchana kutwa, lakini alipita mlango wa nyuma. Akakaa karibu nami kama zamani, akishika kikapu cha nyuzi, akizipanga kwa rangi bila kuangalia. Akasema anaogopa. Si Dadi anayemwogopa, Dadi ni mpole. Anauogopa ule mlango. Ile hatua moja ya kutoka ukumbini mpaka barazani, watu wote wakitazama. Akasema alipokuwa mdogo na akiogopa mvua, nilikuwa nikiuimba ule wimbo na mvua inakuwa kitu kidogo. Akauliza tena kama Ijumaa nitauimba.

Moyo uliniuma. Ningeweza kuuimba palepale. Lakini nikawaza: mtoto anatoka nyumbani kwangu kwenda kwa watu waliompakia chokaa mara mbili, na mimi nimpe kifungo na uzi? Nikamwambia asubiri, kuna kitu kinakuja ambacho kitamfanya auone mlango ule mdogo kuliko tundu la sindano. Akasema sawa, baba. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Alipoondoka nilijaribu kukumbuka ubeti wa kwanza, kwa majaribio tu. Haukuja. Nadhani bado uko chini.

Ijumaa, mwezi 14

Naandika kabla ya magharibi. Nyumba imejaa watu na hakuna anayenitazama, kwa hiyo nimejificha nyuma ya kasha.

Baada ya alasiri wakaja, ngoma na zumari, watu wa Mlingotini wote wameoga wakawa weupe zaidi. Dadi alisimama pembeni akifuta kope kwa kidole. Seleman akapita mbele ndani ya kanzu yangu. Wallahi ilimkaa vizuri mno mpaka mabegani. Watu waliisifu darizi, na kwa kitambo kidogo nikasahau kwamba mtu huyu ni adui. Akaanza kumwomba bibi harusi. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili akashika shingo. Wa tatu uso ukabadilika rangi, akakatiza, akainama, akaniashiria kwa mkono kwamba zamu ni yangu. Hila imefanya kazi!

Nikasimama mlangoni. Nikasema Bismillahi kwa sauti kubwa. Ikapendeza. Nikangoja.

Hakuna kilichokuja.

Nikasema Bismillahi tena. Nikagonga tumbo kidogo, upande wa kushoto, nilikoanzia. Hakuna. Mwezi, lulu, ngamia, wote wamekwenda. Wazee wakaanza kutazama viatu vyao, kwa heshima ileile ya barazani. Nikasikia wanawake ndani wakinong'ona kwamba Tabia hataki kunyanyuka. Ameshika mguu wa kitanda, analia, hina itaharibika. Mwaija akasema naye kwa sauti ya chini. Nilisikia kilio cha mwanangu nyuma ya ule mlango, na sikuwa na neno hata moja la kumpa.

Ndipo mdomo wangu ukasema: Lala, kifungo changu.

Sikuuita. Naapa. Ulikuwa umekaa mahali chini ya utenzi. Nilijaribu kunyamaza, lakini mtu akishaanza "lala" hawezi kuachia hapo, basi nikaimba. Sindano, uzi, mfuko. Sauti ilikuwa mbovu kwa sababu ya wino. Niliinamisha macho nisimwone Seleman. Nilipofika kwenye "nawe ukichelewa" nikasita, na mwanangu kule ndani akaumalizia. Sauti yake ni ileile aliyokuwa nayo akiwa na meno mawili ya mbele yametoka. Jua litakungoja. Kisha komeo likavutwa, mlango ukafunguka, na Tabia akatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Alipita karibu yangu amefunikwa ushungi, akaupata mkono wangu bila kuuona, akaubana. Wanawake walikuwa wameshauchukua wimbo, wakaupandisha, zumari ikaufuata, na wakaondoka nao barabarani mpaka sikuusikia tena.

Aibu kubwa. Watu walilia pande zote. Nawaelewa. Si rahisi kumwona mtu mzima akiaibika namna ile mbele ya wakwe. Seleman alilia kupita wote, kwa kwikwi, hata mshono wa shingo ukaachia ukapasuka mpaka kifuani. Akaja akanishika mikono yote miwili akashindwa kusema, ingawa shingo sasa ilikuwa wazi. Sijui kilichomzuia.

Wali ulikuwa mweupe. Hakuna aliyelalamika mbele yangu.

Jumatatu, mwezi 17

Nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi nilimwita Tabia aniletee mkasi, nikangoja, halafu nikanyanyuka nikauchukua mwenyewe. Kikapu cha nyuzi kimepangwa kwa rangi. Sikigusi. Nikitaka uzi mweupe natumia wa kapu lingine.

Mwaija leo ameuziba ufa. Sikumwona akianza. Nilitazama tu nikaona hakuna tena pa kutazama.

Aibu inaendelea mjini. Asubuhi mwanamke aliyekuwa anatwanga nyumba ya tatu alikuwa akiuimba. Jaysukh alikuwa akiuvumisha puani huku anapuliza moto, maneno hayajui yote, ameweka ya kwake ya Kihindi. Adhuhuri msafara wa wapagazi wa kwenda bara ulipita, na mmoja mwenye mzigo mkubwa alikuwa akiimba "uzi umejikunja" kwa sauti nene kabisa, wenzake wakiitikia. Sasa upuuzi wangu utafika bara bila jina langu na bila jina la mtu. Nilitaka kumkimbilia nimwambie kwamba mimi nina kitu bora zaidi. Lakini ningemwimbia nini?

Jioni akaja mtu kutoka Mlingotini na ujumbe wa Seleman. Anaomba ruhusa yangu auimbe ule wimbo kwa wajukuu zake. Seleman anasema ametunga maisha yake yote, amesifiwa mpaka Unguja, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kulala kwa shairi lake. Anasema angetoa beti zake zote kwa ubeti mmoja kama ule wa jua. Vilevile anashukuru sana kwa kanzu, na anaomba msamaha kwa kuwa amenenepa shingo.

Nimekaa na ujumbe huu muda mrefu. Kwanza nikaona haya ya ile shingo, haya ya kweli, nikaazimia kumshonea nyingine. Kisha nikautafakari ujumbe wenyewe na nikamwonea huruma. Malenga mkubwa namna ile, uzee umemfikia, hajui tena kilicho kizuri. Nimetoa ruhusa.

Ijumaa, mwezi 21

Fungate imekwisha. Kesho tunakwenda Mlingotini kumwona mtoto. Mwaija ameoka mikate ya kumimina na amekunja ule mkeka. Mimi nimeshona kanzu ya pili ya Seleman, shingo pana. Ndege anaweza kuingia. Nimevaa viatu tangu asubuhi ingawa safari ni kesho. Mwaija amenicheka, halafu nikaona naye ameshavaa ukaya wake mpya wa kufunika kichwa.

Wiki nzima nimechunguza kwa nini kombe halikufanya kazi. Nimepata jibu, na naliandika kwa faida ya malenga wote watakaokuja. Ni sahani. Zile sahani zina maua ya buluu. Maneno yalichanganyika na maua, yakashuka yamepotoka. Kombe lataka sahani nyeupe tupu. Kosa dogo tu. Bila maua yale, Seleman angeulilia utenzi wangu, kwa haki.

Kwa hiyo nimeazima sahani nyeupe kwa jirani, nikasema ni za wageni. Zafarani Mwaija ameificha, basi nimechukua bizari ya manjano. Nimeanza utenzi mpya wa beti mia mbili, niusome kesho mbele ya Tabia na wakwe, nao wausahau ule upuuzi. Leo hata kuoga sikuhitaji. Nilikaa tu, nikatazama kile kikapu chake, na ubeti wa kwanza ukaja wenyewe, mwepesi. Umetaja kona ya chumba iliyopakwa mara mbili, na mkono unaotafuta mkono chini ya ushungi. Hauna neno gumu hata moja. Nilipousoma kwa sauti, Mwaija upande wa pili wa chumba akaacha alichokuwa akifanya, akauitikia, na ndipo nikatambua kwamba unakwenda kwa sauti ileile ya wimbo wa kifungo.

Nikajifuta uso kwa kiganja. Macho yaliniwasha sana, manjano haya ni makali.

Kisha nikauosha ubeti ule sahanini, sikuunywa, nikaandika Bismillahi upya.